Aliyebaki na Mgonjwa: Amri ya Nne na Uuguzi wa Wazee Wetu

Mzee akipatwa na kiharusi, majuma mawili ya kwanza huwa na watu wengi. Wodini wanapishana ndugu, majirani, wanakwaya, wazee wa kanisa na mchungaji. Chupa za uji zinajaa juu ya kabati na mgonjwa hajaweza kumeza hata kijiko. Kisha daktari anaandika ruhusa. Katika hospitali zetu neno hilo ni habari njema, na Jumapili inayofuata familia hutoa sadaka ya shukrani kwa kuwa mgonjwa wao ameruhusiwa. Lakini mzee huyu hakuruhusiwa kwa kuwa amepona. Ameruhusiwa kwa kuwa dawa imefika mwisho wa uwezo wake, na kitanda kinangojewa na mwingine. Anarudi nyumbani upande mmoja wa mwili haufanyi kazi, ana mpira wa mkojo, hawezi kujigeuza kitandani. Anaweza kuishi hivyo miaka mitano, sita, hata kumi. Makala hii inahusu miaka hiyo, na swali lake ni moja: Amri ya Nne inapotuagiza kuwaheshimu baba na mama, kazi ya miaka hiyo inamdai nani?

Wengi watajibu upesi kwamba inawadai watoto. Jibu hilo ni la kweli, lakini tukiliacha hapo tutakuwa tumesema nusu ya neno.

Tuanze na hali ilivyo. KKKT ina hospitali zaidi ya 20, na nyingi katika hizo zilianzishwa wakati adui mkubwa alikuwa malaria, kuhara, nimonia na uzazi uliokwama. Magonjwa hayo hayana subira. Mgonjwa alipona akaenda zake, au alikufa akazikwa, na mara nyingi yote mawili yalijulikana ndani ya mwezi mmoja. Wodi, ratiba na hesabu za fedha zilipangwa kwa mgonjwa wa namna hiyo. Sasa, kwa neema ya Mungu na kwa kazi ya hospitali hizo hizo, watu wanaishi hadi kuzeeka. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na karibu 6 katika kila 100 wana miaka 60 au zaidi. Pamoja na umri yamekuja magonjwa yenye subira: presha, kisukari, kiharusi, nyonga iliyovunjika, na ule ugonjwa wa kusahau ambao madaktari huuita dimenshia. Utafiti uliofanywa Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013, ulikuta kwamba katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na kuendelea, zaidi ya 6 wana dimenshia. Hao ni wazee wa sharika zetu. Ndio waliojenga makanisa tunayosalia.

Serikali haikunyamaza. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka 2003. Sera ya Afya ya 2007 iliwasamehe malipo ya matibabu wazee wasio na uwezo. Zanzibar ilianza 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi, mwanzoni shilingi 20,000. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote 2023. Yote haya ni mema, nasi tunawaombea waliosimamia. Lakini angalia yanagusa nini. Yanagusa dirisha la dawa na chumba cha daktari. Hayamgusi yule anayeamka saa nane usiku kumgeuza mzee ili mgongo usioze.

Lugha yetu inamjua mtu huyo kuliko sera zinavyomjua. Tunasema kutibu, tunasema kuponya, na tunasema kuuguza. Kutibu ni kazi ya mganga, kuponya ni kazi ya Mungu. Kuuguza ni kukaa na mtu katika ugonjwa wake, apone asipone. Mjini tumelipa neno hilo sare nyeupe, tukamwita muuguzi yule aliyesomea. Vijijini bado lina maana ya kwanza. Ukiuliza mbona mama fulani haonekani sokoni, utajibiwa neno moja, "anauguza," na hakuna atakayeuliza zaidi. Kwa neno hilo jamii imemsamehe kutoonekana. Imemsahau pia.

Na karibu kila mara anayeuguza ni mwanamke. Tunamfahamu mkwe mmoja aliyemuuguza mama wa mume wake kwa miezi kumi na minne bila kukanyaga kanisani, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia mgonjwa hata kwa saa mbili za ibada. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Hizo ni mara 12 kwa siku, na zaidi ya mara 4,000 kwa mwaka. Genge lake la mboga lilikufa mwezi wa tatu. Wana wa mama yule, watatu, walikuwa mjini na walituma fedha, tena si haba. Katika kitabu cha usharika ule, bahasha ya mkwe yule ilikuwa na mstari mtupu kwa mwaka mzima, na kwenye kikao cha wazee wa kanisa jina lake lilisomwa katika orodha ya waliolegea katika imani. Aliyesoma hakuwa mtu mbaya. Alisoma alichoandikiwa.

Hapa ndipo Amri ya Nne inapotuhukumu. Tumeifanya kuwa amri ya watoto wadogo. Tunaifundisha katika kipaimara, kwa vijana wa miaka 14, na wanaielewa kuwa amri ya kutii: usijibu wakubwa, lete maji, nenda dukani. Lakini walioisikia chini ya Sinai walikuwa watu wazima wenye wazazi wazee, safarini, jangwani, mahali ambapo mwenye kutembea polepole angeweza kuachwa nyuma. Luther aliliona hili. Katika Katekisimo Kubwa ya 1529 anafundisha kwamba heshima ni zaidi ya upendo, kwamba wazazi hawaipotezi wakiwa maskini, dhaifu au wagumu wa tabia, na kwamba heshima hiyo ni ya mikono pia: kuwahudumia wanapozeeka na kuugua. Mwana anayetuma fedha ametimiza sehemu. Ila amri haikusema uwaheshimu baba yako na mama yako kwa mikono ya mke wa ndugu yako.

Mara kwa mara wahubiri hutumia 1 Timotheo 5:8, pale asiyewatunza wa nyumbani mwake anapoambiwa kuwa ameikana imani. Ni andiko kali na ni la haki. Tatizo ni kwamba tunalifunga baada ya mstari huo. Ukiendelea kusoma, utakuta Paulo anazungumzia orodha ya wajane inayotunzwa na kanisa, na katika mstari wa 16 anataka wenye jamaa watunzwe na jamaa ili kanisa liweze kuwasaidia wasio na mtu kabisa. Kwa hiyo kanisa lile lilikuwa na daftari, na mwenye daftari la namna hiyo ana fungu la fedha. Paulo alipanga nani atangulie. Hakuwaambia Wakristo wa Efeso kwamba wajane si kazi yao.

Tukumbuke pia Marko 7. Mtu alikuwa na mali ambayo ingewafaa wazazi wake, akaitamkia kuwa Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na walimu wa dini wakamruhusu asiwape tena wazazi chochote. Yesu alisema kwamba kwa desturi hiyo walikuwa wamelitangua neno la Mungu. Wanafunzi wetu wa theolojia hulitumia andiko hili dhidi ya Mafarisayo, na huwa tunawarudisha nyumbani. Ahadi ya jengo ni kitu chema. Mnada baada ya ibada ni kitu chema, na tumefurahi wengi kwa kuku na mikungu ya ndizi. Lakini familia yenye mzee kitandani ikidaiwa ahadi ya jengo sawasawa na familia isiyo na mgonjwa, na kudaiwa kwa jina mbele ya watu, Korbani imerudi, na safari hii imekaa mezani petu.

Wapo wasio na mtu kabisa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera 1983, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za huko zilibaki na bibi na wajukuu tu. Bibi wale waliwauguza watoto wao wenyewe, wakawazika, wakawalea yatima kwa ndizi na maharage. Wakati ule hawakuwa wazee sana. Leo, walio hai wako katika miaka ya themanini. Wanaougua kitandani sasa ndio waliouguza wakati ule, na wale ambao Amri ya Nne ingewadai kwa ajili yao wamelala chini ya migomba. Mjukuu yuko Dar es Salaam akiendesha bodaboda. Katika Yohana 5 mgonjwa wa miaka 38 hamjibu Yesu kuwa hana dawa. Anajibu kuwa hana mtu. Mpaka leo kuna vitanda ambako hilo ndilo jibu sahihi, na juu ya vitanda hivyo fundisho letu lote kuhusu wajibu wa watoto halina la kusema.

Kwa hiyo tunasoma tena Luka 10, mfano ambao hospitali zetu zimeupenda kuliko yote. KCMC, iliyofunguliwa Moshi 1971, ni mali ya shirika lenye jina la Msamaria Mwema. Kuhusu Msamaria tumehubiri sana: aliona, akahurumia, akafunga majeraha. Kuhusu mwenye nyumba ya wageni hatujasikia mahubiri hata mamoja. Msamaria alikaa na yule mtu usiku mmoja tu. Siku ya pili alikuwa na safari yake, akaondoka, na Yesu hamlaumu. Aliyebaki na mgonjwa, aliyembadilishia nguo, aliyemlisha, pengine aliyevumilia kelele zake usiku, ni mwenye nyumba ya wageni. Na Msamaria hakumwachia kazi hiyo kwa maneno ya baraka. Alimpa dinari mbili, ambazo kwa kipimo cha Mathayo 20 ni ujira wa siku mbili za kibarua, akaahidi kurudi, na akakubali mapema kulipa kitakachozidi.

Tunaona mambo matatu hapo ambayo huduma yetu kwa wazee inayakosa: mahali, malipo na ahadi ya kurudi. Hili la mwisho linatusaidia katika swali tunaloulizwa na Wakristo wengi kwa sauti ya chini: je, kumpeleka mzazi kwenye makao ya wazee ni dhambi, tena ni kujitafutia laana? Wengi wamekwisha kujibu kwa usemi kwamba Wazungu ndio wanaowatupa wazazi wao. Usemi huo hauna haki sana. Ujerumani, walikotoka wamisionari wengi waliotuletea Injili, ilianzisha 1995 bima ya lazima kwa ajili ya utunzaji wa muda mrefu, na mzee anayetunzwa nyumbani na jamaa yake hupata fedha anazoweza kumpa huyo anayemtunza. Wengi wa wanaohitaji utunzaji huko wako nyumbani kwao, wala hawako katika makao. Nasi tunayo makao: Nunge jijini Dar es Salaam, Kolandoto Shinyanga, Njoro Moshi, Sebleni na Welezo kule Unguja. Hayakujengwa na Wazungu wa leo.

Jibu letu ni kwamba dhambi haiko katika mlango wa makao. Mzazi anaweza kutupwa akiwa chumba cha nyuma cha nyumba ya mwanawe, kati ya magunia ya mahindi, akipelekewa chakula na mtoto wa darasa la pili. Na anaweza kuheshimiwa mbali na nyumbani, ikiwa aliyempeleka anarudi, anauliza, analipa, na anajulikana kwa jina na wanaomtunza. Msamaria aliyesema atarudi na asirudi angekuwa amemtupa mtu yule mahali pazuri zaidi tu.

Mahali, basi. Kanisa letu si geni katika kukaa na watu kwa muda mrefu. Katika milima ya Usambara, Lutindi ilianza 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko wagonjwa wamekaa, wamelima, wamechuma chai, na wengine wamezeeka, bila mtu kusema kuwa kitanda chao kinapotezwa. Hatusemi kila hospitali ya dayosisi ijenge Lutindi yake. Hakuna fedha za hivyo, na wazee wengi hawataki. Tunasema kila hospitali iwe na vitanda vichache ambako mzee aliyepata kiharusi anaweza kukaa majuma mengine matatu baada ya hatari kupita, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akimsimamisha na kumkalisha, na jamaa wakijifunza. Sasa hivi anayekwenda kuuguza miaka sita hufundishwa kwa dakika kumi, mlangoni, akiwa ameshika karatasi ya dawa. Hajui kwamba uji unapaswa kuwa mzito na mgonjwa aketi wima, la sivyo unaingia njia ya hewa. Hajui kuangalia kisigino na kiuno kila asubuhi kabla ngozi haijafunguka. Hajui mpira wa mkojo ubadilishwe lini. Siku tatu za mafunzo zingeokoa nyama za watu.

Kisha kumfuata mgonjwa nyumbani. Hili Kanisa limekwisha kulifanya. Wakati wa UKIMWI sharika zilikuwa na watu wa kujitolea waliotembea nyumba kwa nyumba na mikoba yao, na Hospitali ya Selian, Arusha, ikajenga juu ya kazi ya namna hiyo huduma ya tiba shufaa, ambamo muuguzi anakwenda kijijini na mofini ya maji, na sala, na mikono inayojua kazi. Njia zile zinajulikana. Wengi wa waliozipita bado wako hai, na kinachokosekana mara nyingi ni nauli na posho. Wengine watasema kulipa posho ni kuua roho ya kujitolea. Tunawaomba watazame tena zile dinari mbili. Yesu hakuona aibu kuweka fedha katikati ya mfano wa upendo.

Luther alipoulizwa 1527, tauni ikiwa Wittenberg, kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia, alijibu kwa waraka mrefu na yeye mwenyewe akabaki mjini. Humo anasema ingekuwa vyema watawala wajenge nyumba za wagonjwa na kuzitunza vizuri, na mahali ambapo hazipo, sisi kwa sisi tuwe hospitali na wauguzi. Tunapenda jinsi anavyoshika yote mawili. Asiyeshika la kwanza huwaachia wanawake mzigo wote na kuuita upendo, na asiyeshika la pili hungojea serikali huku jirani akinuka.

Limebaki jambo ambalo ni letu wachungaji peke yetu. Wazee wa kanisa hutuuliza kama mzee mwenye dimenshia apewe Chakula cha Bwana. Hajui leo ni siku gani, amemwita mchungaji kwa jina la marehemu mumewe, anautazama mkate kama anavyotazama kijiko. Paulo ameagiza katika 1 Wakorintho 11 kila mtu ajihoji mwenyewe. Huyu atajihoji vipi? Swali ni la uaminifu na tusilidharau. Lakini Paulo alikuwa anawaonya wenye akili timamu waliokula na kulewa huku maskini wa kanisa wakikaa na njaa. Kumpiga nayo bibi aliyesahau ni kuigeuza. Tena sisi ni Walutheri. Tunabatiza mtoto wa majuma matatu asiyejua lolote, kwa kuwa tunaamini ahadi inamshika kabla yeye hajaishika. Hatuwezi kuamini hivyo kwenye beseni la ubatizo halafu tuogope kwenye kitanda cha uzeeni. Apewe. Aketishwe wima kwanza. Chembe ya mkate ichovywe katika divai na kuwekwa kwenye ulimi, na kama hawezi kumeza, tone la divai kwenye midomo latosha. Mara nyingi yule asiyemjua mwanawe huanza kusema Baba Yetu pamoja nasi na kuifikisha mwisho. Na asipoisema, imesemwa juu yake. Wala tusisahau kumpa yule anayeuguza, aliye hapo hapo na mikono yenye maji, na ambaye pengine hajakomunika tangu mwaka jana.

Kuhusu fedha, hatuamini kwamba hazipo. Mtu akifa, kamati ya mazishi huundwa kabla jua halijazama. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari la michango. Kufikia kesho yake kuna jeneza, basi, turubai, viti, chakula cha mamia, na mpiga picha za video. Hatuna neno dhidi ya kuzika kwa heshima. Ila mzee huyo huyo alikuwa akihitaji pampasi kwa miaka minne, na hakukuwa na kamati. Jumuiya ya familia kumi ikipeana zamu, kila familia saa mbili mara moja kwa juma, anayeuguza anapata saa 20 za kulala, kwenda sokoni, kuketi ibadani. Usharika ukimfutia ahadi ya jengo kwa kipindi anachouguza, na kuandika mbele ya jina lake katika kitabu kile cha bahasha neno moja tu, "anauguza," katibu atajua la kusoma kikaoni.

Sharika nyingi zina stoo nyuma ya kanisa yenye viti vya plastiki, maturubai na sufuria kubwa, vya kuazimisha au kukodisha wakati wa msiba. Tumeingia katika stoo kadhaa. Nafasi ipo ya kuweka viti viwili vya magurudumu, magodoro ya hewa matatu, beseni la kitandani na magongo, na daftari la kuandikia nani ameazima na lini.